Pedali Iliyotushindia Nkololo

Vijana wa kwaya wamekuja kwangu mara tatu tangu mvua zianze, kila mara wakiwa na simu mkononi. Wananionyesha picha za pedali za gitaa, nyekundu, kijani, njano, zimepangwa kama peremende dukani. "Babu Mabula, ipi kati ya hizi itafaa jukwaani?" Nami huwajibu kwa swali: nani anaimba? Wanatazamana. Juzi mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba masikio ya babu yamekwisha.

Masikio yangu ni mazima. Naandika haya ili mjue swali hilo linatoka wapi, na kwa nini mtu aliyepiga solo hapa Bariadi karibu maisha yake yote hana pedali hata moja nyumbani kwake.

Kwa wale ambao hawajaishika, pedali ya ovadraivu ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Ukikikanyaga, sauti ya gitaa inanenepa na kukwaruza, kama mtu anayeongea akiwa amekasirika kidogo. Ukikikanyaga tena, inarudi safi. Juu yake kuna vifundo vitatu vya kuzungusha, ambavyo sisi tuliviita nobu: moja ya sauti, moja ya ukali, moja ya toni. Vitu vitatu tu. Mimi ilinichukua miaka kuvielewa, na nilipovielewa nikavitumia vibaya.

Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa na chama cha ushirika. Barua ilisema karani wa mizani. Ukweli ni kwamba meneja alikuwa amenisikia nikipiga gitaa kwenye mahafali. Ndivyo mambo yalivyokuwa: bendi ilikuwa ya ushirika, vyombo vilikuwa vya ushirika, na sisi wanamuziki kwenye makaratasi tulikuwa makarani, madereva na walinzi. Asubuhi nilipima pamba, jioni nilipiga solo. Sikuwahi kujinunulia hata waya.

Kiongozi wetu alikuwa Mzee Shija, mpiga besi, mtu mrefu mwenye vidole kama mihogo. Alikuwa amepiga besi muda mrefu kiasi kwamba sikio lake la upande wa spika lilikuwa zito, na ukitaka akusikie ulizunguka upande wa pili. Nilipomwambia kwamba wapiga solo wa Mwanza wana pedali, alicheka.

"Ng'wanawane," aliniambia, maana yake mwanangu, "ukitaka gitaa likasirike, kasirika wewe. Vidole vinatosha."

Nilidhani ni uzee unaosema. Sasa nina umri ule aliokuwa nao, na najua alikuwa ananifundisha jambo la kwanza: sauti huanzia mkononi. Kijana anayepiga nyuzi kama anaogopa kuziamsha, hakuna kisanduku kitakachomsaidia.

Halafu ukaja wakati wa soko huria. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, ushirika ukayumba, na kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa bendi. Tuliachiwa vyombo kama mtu anavyoachiwa mbwa na jirani anayehama: amplifaya mbili, dramu zenye ngozi moja iliyopasuka, magitaa matatu, spika mbili za honi za mwimbaji. Mishahara ikaisha, lakini maduka yakajaa. Vitu ambavyo tulikuwa tukiviona kwenye picha tu vikaanza kuonekana Bariadi, kwenye duka moja karibu na stendi, vimening'inizwa juu ya mashuka.

Duka hilo lilikuwa la Saidi, mfanyabiashara wa mjini, ambaye aliuza chochote kilichofika Mwanza kikakosa mnunuzi. Siku moja aliniita nikipita.

"Mwanamuziki, njoo. Nina kitu cha Ulaya hapa, sijui kinakoboa nini."

"Hiyo ni pedali ya gitaa," nikamwambia.

"Basi umenisaidia. Sasa bei imepanda."

Nililetewa gitaa kutoka nyumbani, tukaunganisha pedali kwenye redio kaseti ya pale dukani. Nikazungusha nobu ya ukali mpaka mwisho. Vijana, sauti iliyotoka pale sijawahi kuisahau. Ilijaza duka kama mashine ya kusaga. Niligusa uzi mmoja nikajiona ni watu sita. Saidi aliziba masikio.

"Chukua uende zako," alisema. "Wateja wangu wa mashuka wanakimbia."

Nikaichukua. Wiki ile ile tukaenda kupiga Binza, pale Maswa, kwenye sherehe ya mtu aliyejenga nyumba ya bati. Nilingoja wimbo wa tatu, palipo na nafasi ya solo, nikakanyaga pedali kwa kishindo ili kila mtu aone. Nikafumba macho. Nikapiga kwa moyo wangu wote. Nilipofumbua macho niliona watu wanaongea wao kwa wao, na mpiga dramu wetu ameinama kuelekea kwangu.

"Mabula," aliniuliza huku akiendelea kupiga, "waya wako umekatika?"

Baadaye Mzee Shija akanieleza, bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Ulikuwa kama nyuki ndani ya kibuyu. Mtu anajua wamo, hajui wanasema nini."

Hilo ndilo kosa la kwanza, na naona nanyi mnajiandaa kulirudia. Pedali ile ilikuwa imejaa besi chini na ukwaruzo juu, na katikati ilikuwa tupu. Ukiwa peke yako chumbani, hiyo ndiyo sauti tamu. Ukiwa na bendi, chini kuna gitaa la besi na ngoma kubwa, juu kuna matoazi, na wewe huna mahali pa kukaa. Tena ukali ukiwa mwingi, noti zote zinapondwa pamoja kuwa ugali. Pedali haichaguliwi dukani peke yako, wala kitandani na simu sikioni. Inachaguliwa bendi nzima ikipiga, kwa sauti ya jukwaani, kwenye amplifaya ileile utakayoitumia. Ukali uwe kidogo kuliko unavyotamani. Kisha ongeza sauti, ili ukikanyaga gitaa lisogee mbele badala ya kuzama.

Makosa mengine yalikuwa madogo, nayataja kwa kuwa yatawaokoa aibu. Niliwahi kuacha waya umechomekwa kwenye pedali kutwa nzima, sikujua kwamba waya ukiwa ndani betri inaliwa hata kama hupigi. Pedali ikafa bibi harusi akiwa anaingia. Mara nyingine kiatu changu kilizungusha nobu nikapiga wimbo mzima wa msiba kwa sauti ya trekta. Tangu hapo nilizifunga nobu kwa utepe wa gundi zikishakaa sawa. Kwenye jenereta ya kijijini umeme hupanda na kushuka, kwa hiyo betri ni salama kuliko kifaa cha kuchomeka ukutani. Vumbi letu mnalijua. Chagua pedali ambayo kitufe chake ni kizito, ambacho mguu unakipata bila macho kutazama chini, na ambayo trela la trekta likiirusha haifunguki. Uzuri wa rangi utausahau baada ya siku mbili.

Pedali ya pili niliipata Mwanza, kwa mpiga gitaa mmoja aliyekuwa anaacha muziki akafungue gereji. Ilikuwa na rangi ya tope, imechubuka pande zote. Nilipoijaribu peke yangu ilinikera. Ilitoa sauti nyembamba ya puani, kama mtu mwenye mafua. Karibu nimrudishie.

"Usiihukumu ukiwa peke yako," aliniambia yule bwana. "Hii haipendi upweke. Ipeleke kwa watu."

Nikaipeleka kwenye mazoezi. Tulikuwa tunafanyia kwenye ghala la zamani la ushirika, sakafu bado ina pamba iliyosahaulika kwenye kona. Nikaikanyaga bendi ikiwa imekolea, na gitaa likatoka mbele ya kila kitu. Kila noti ilisikika, hata zile ninazozipitia haraka. Ile sauti ya mafua ndiyo ile katikati iliyokosekana kwenye pedali ya kwanza. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa anaongea nyuma ya ukuta, na sasa ukuta umevunjwa.

Mzee Shija aliacha kupiga. Hakunitazama mimi, alimtazama Kabula.

"Umepata pedali," aliniambia. "Lakini hapo katikati pana mwenyewe."

Kabula ndiye alikuwa mwimbaji wetu. Alikuwa binti wa wakulima wa Nkololo, alianzia kwenye kwaya ya kanisa na kwenye nyimbo za kulima, zile ambazo majembe yanapanda na kushuka pamoja. Hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na sauti iliyofika. Alitamka Kisukuma na Kiswahili kiasi kwamba bibi aliyekaa mwisho kabisa alisikia kila neno, na maneno yenyewe yalistahili kusikika, maana alikuwa akiwasema wanaume wanaouza pamba yote na kurudi nyumbani na kofia mpya. Wanaume hao hao walikuwa wanalipa kiingilio ili wasemwe. Mimi alikuwa ananiita kaka, ingawa hatukuwa ndugu. Mwaka ule kulikuwa na mwenye studio mmoja Mwanza aliyemwahidi kwamba msimu wa pamba ukiisha, aje arekodi kaseti yake mwenyewe. Kabula alikuwa amekwisha kutunga nyimbo sita, kila moja ameiandika kwenye daftari la mistari.

Baada ya mazoezi yale alinifuata nikikunja waya.

"Kaka, hicho kidude chako kizuri," alisema. "Ila ukikikanyaga mimi sijisikii. Nikanyagie wakati siimbi, basi."

"Sawa, mayu," nikamjibu, yaani mama, kama tunavyomwita mwanamke kwa heshima. Nilimaanisha, siku ile.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyofika kwenye shindano, maana ninyi mmezoea mashindano yenye majaji na alama. Kwetu katika mashindano ya mbina, ngoma zetu za baada ya mavuno, hakuna jaji. Makundi mawili yanakaa pande mbili za uwanja, yanaanza kwa wakati mmoja, na watu wanakuwa katikati. Watu wakipenda upande huu wanatembea kuja huku. Wakichoshwa, wanatembea kwenda kule. Jua likizama, mwenye watu ndiye mshindi, na hakuna wa kukata rufaa.

Tajiri mmoja aliyeanza kununua pamba mwaka ule aliamua kuchagua bendi kwa njia hiyo. Alitaka bendi izunguke na malori yake kwenye magulio ya pamba, ipige mchana, wakulima wavutiwe kuleta mizigo kwake badala ya kwa wenzake. Sisi tuliitwa, na bendi moja ya Maswa ikaitwa. Malori mawili yangeegeshwa pande mbili za uwanja wa Nkololo, kila bendi juu ya lori lake. Kwa watu waliokuwa hawana mshahara tangu ushirika uyumbe, hiyo ilikuwa kazi ya msimu mzima.

Siku ya shindano tulifika asubuhi na mapema kujaribu vyombo. Mzee Shija alifanya jambo ambalo nawasihi mlifanye kila mnapopiga. Alimwambia mpiga ridhimu achukue gitaa langu na pedali yangu, akaniambia mimi nishuke.

"Nenda kasimame kule watu watakakosimama. Usikilize kama wewe ni mkulima. Mimi sikio langu unalijua. Urudi uniambie kama Kabula anasikika."

Nikashuka, nikatembea hatua kama sitini mpaka kwenye mzani wa pamba. Wakaanza kupiga. Mpiga ridhimu akakanyaga pedali, na gitaa likanifikia pale kama mtu anayekuja kunisalimia. Lilikuwa zuri. Lilikuwa ni kile nilichokitafuta tangu duka la Saidi. Na Kabula alikuwa anaimba, nilimwona mdomo unafunguka na kufumbika, na neno hata moja halikunifikia.

Nilisimama pale hadi wimbo ukaisha. Nilijua cha kufanya. Ningepunguza nobu ya sauti robo tu, na toni kidogo, tungekaa wote wawili. Gitaa lisingekuja tena kunisalimia pale kwenye mzani, lingebaki lorini na wenzake. Lakini nilikuwa nimemwona mpiga solo wa Maswa akifungua sanduku lake, ana gitaa linalong'aa, na nilitaka anisikie.

Nikarudi. Nikazunguka upande wa sikio zima la Mzee Shija.

"Kabula anasikika?"

"Anasikika."

"Maneno?"

"Yote."

Mchana tukaanza. Mwanzoni uwanja uligawanyika, kisha watu wakaanza kuelemea upande wa Maswa, kwa sababu walikuwa na wachezaji wasichana wanne wenye mavazi yanayofanana. Nikakanyaga pedali. Niliona vichwa vikigeuka. Ninyi hamjawahi kuona uwanja mzima ukigeuka kwa sababu ya mguu wako, na namwomba Mungu msione mapema. Watu walianza kutembea kuja kwetu. Nilipoizima, wakapunguza mwendo. Nikaikanyaga tena, na safari hii sikuizima, Kabula akiimba au asiimbe. Nilikuwa nimesimama nusu hatua kutoka kwake. Niliona mishipa ya shingo imemsimama. Aligeuka akanitazama mara moja, kisha akageukia watu akaongeza sauti.

Tulishinda. Jioni ile bendi ya Maswa ilituma mtu kuja kuchungulia chini ya pedali yangu.

"Dawa mmeiweka wapi?" aliuliza, akiigeuza juu chini. Katika mashindano ya mbina kila mtu anaamini mshindi ana dawa ya kuvuta watu.

"Ndani ya betri," mpiga dramu wetu akamjibu, na yule mtu akatikisa kichwa kama aliyethibitishiwa. Watu wakaanza kuniita Mabula wa Dawa. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa.

Tukazunguka na malori msimu wote. Gulio hili leo, jingine kesho, juani, vumbi la malori na manyoya ya pamba yakiingia puani. Tajiri alikuwa ananiambia, "Kanyaga, kanyaga, wanakuja." Nikakanyaga. Wiki ya tatu Kabula alianza kubeba chupa ya maji ya tangawizi. Wiki ya tano alikuwa haongei kabisa kabla ya kupiga, anatuonyesha kwa mikono. Mara mbili aliniambia, "Kaka, nipunguzie," mara ya mwisho kwa sauti ya mchakacho, na mara zote mbili nilisema sawa, nikapunguza mbele yake, nikaongeza alipogeuka. Mzee Shija aliniuliza tena kama anasikika. Nikamwambia anasikika, amechoka tu.

Siku moja asubuhi, mizani ikiwa inapangwa, Kabula alifungua mdomo kuanza wimbo na ikatoka pumzi. Akakohoa, akanywa maji, akajaribu tena. Ilitoka sauti ya mtu mwingine, nzito, imepasuka katikati. Wakulima waliokuwa mstarini walidhani anaigiza mwanamume, wakacheka. Kabula naye akajaribu kucheka. Kisha akashuka lorini taratibu, akaenda kukaa juu ya magunia, ameshika koo kwa mikono miwili.

Hospitalini walimwambia apumzishe sauti miezi mingi, na hawakuahidi kitu. Nyumbani kwao walikuwa na maelezo yao. Walisema ni watu wa Maswa, wamelipiza kushindwa, wamemfunga sauti. Baba yake akaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa kama kaka, niende nao kwa mganga. Walitoa ng'ombe, mtamba mwekundu ambaye alikuwa hajazaa bado. Mimi ndiye niliyeshika kamba njia nzima. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila hatua ya safari ile. Ningesema, mzee, hakuna mtu wa Maswa katika jambo hili, rudisha mtamba wako nyumbani. Sikusema. Mganga aliuliza kama kuna adui aliyekaa karibu naye wakati wa kuimba, na baba yake akasema hapana, karibu alikuwepo huyu kaka yake tu.

Mwenye studio wa Mwanza alingoja kidogo, kisha akarekodi mtu mwingine. Daftari la mistari lilibaki na nyimbo sita. Msimu uliofuata tajiri hakutuhitaji, alikuwa amenunua deki ya kaseti na spika kubwa mbili ambazo hazikuhitaji chakula cha mchana. Mzee Shija alirudi kulima. Kabla hajafa nilikwenda kumwona mara kadhaa, tukaongea habari za mvua. Kabula akaolewa Kalemela, huko Busega, upande wa ziwa.

Mimi niliendelea kupiga miaka mingi, kwenye bendi nyingine na kwenye harusi. Ile pedali ya rangi ya tope nilimpa mtu. Sikuitupa, kwa sababu haikuwa na kosa. Bado naamini ilikuwa pedali nzuri kuliko zote nilizozisikia, na kama mnataka ushauri wa fundi, tafuteni ya namna ile: yenye katikati nene, ukali mdogo, inayosikika mbaya ukiwa peke yako. Lakini mjue kwamba pale katikati panapowafanya msikike ndipo sauti ya mtu inapokaa. Mwekeni mwimbaji wenu asimame anapotaka, aimbe, ninyi mzungushe nobu mpaka yeye aseme basi. Akisema punguza, punguza, na mkono wako usirudi pale akigeuka. Na mkitumwa kwenda kusikiliza kutoka uwanjani, semeni mlichokisikia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Kalemela kwenye msiba wa mtu wa ukoo wa mke wangu. Nikauliza nyumba ya Kabula, nikaonyeshwa. Nilimkuta nje, anageuza dagaa waliotandazwa kwenye turubai. Amenenepa kidogo, nywele zina mvi. Nilimsalimu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, kaka." Sauti ilikuwa ile ile iliyopasuka, ya asubuhi ya gulio. Nadhani nilitegemea miaka ingekuwa imeitengeneza.

Alinipa kigoda, tukaongea habari za watoto, za bei ya pamba, za waliokufa. Kisha nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ajili ya pedali. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini hakunipa muda.

"Ah, hayo," alisema. "Mimi dawa za Maswa sikuziamini hata siku moja. Nilijua ni kelele. Ila wewe sikukulaumu. Nilikuwa najiambia, kaka yangu akiwa ndani ya gitaa lake hasikii mtu. Hanisikii, ndiyo maana ananifunika. Kwa hiyo nikawa naongeza, ili unisikie."

Akaendelea kugeuza dagaa. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, ameufungua mwenyewe, nami nilichotakiwa kufanya ni kuitikia tu.

"Nilikuwa nakusikia," nikamwambia. "Siku zote."

Mikono yake ilisimama juu ya turubai. Hakunitazama. Kuku walikuwa wanasogelea dagaa upande wa pili, na hakuna aliyewafukuza.

"Afadhali ungeniacha na lile nililokuwa naliamini," alisema.

Aliokota ufito akawafukuza kuku. Nilikaa pale mpaka dagaa wote wakageuzwa, na aliponisindikiza barabarani tuliagana kwa ishara za mikono, bila neno, kama alivyokuwa akituonyesha juu ya lori wiki ile ya tano.